Bima ya gari: anza kuhesabu kwa gari la mwenzako

Ukienda kukata bima, swali la kwanza utakaloulizwa ni thamani ya gari lako. Ni swali la haki, kwa sababu bila jibu lake ada ya bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, haipigiki hesabu. Ubaya wake ni kwamba likishatangulia linateka mazungumzo yote. Mteja anaanza kuwaza bampa, taa na kioo cha mbele. Anabishana juu ya eksesi, yaani kile kiasi anachojibebea mwenyewe kila anapodai fidia. Anauliza kama redio imo. Mwisho anatia saini mkataba asiojua utamlipia kiasi gani siku atakapomgonga mtu.

Hoja yetu ni kwamba ukubwa wa bima upimwe kwa hasara usiyoweza kuibeba, na hasara hiyo mara nyingi haiko kwenye gari lako. Gari lako lina dari. Hata likiteketea lote, hutapoteza zaidi ya bei yake. Hasara unayoweza kumletea mwingine haina dari, na haijali kama wewe unaendesha gari la kifahari au kuukuu lililobakiza mwaka mmoja.

Tarehe 28 Februari 2001, huko Great Heck karibu na Selby, Uingereza, Land Rover iliyokuwa ikivuta trela iliacha barabara kuu ya M62, ikateremka kwenye mteremko na kuishia juu ya reli. Treni ya abiria ikaigonga, ikaacha njia, kisha ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa ikija kutoka upande wa pili. Watu 10 walikufa, zaidi ya 80 walijeruhiwa. Bei ya ile Land Rover haikuwa na uzito wowote katika hesabu ya asubuhi ile. Sheria ya Uingereza ilidai, na bado inadai, bima isiyo na kikomo kwa vifo na majeraha ya watu wengine. Kwa mali ya watu, kiwango cha chini cha kisheria wakati ule kilikuwa pauni 250,000 tu, na hakuna treni mbili zinazoenea humo. Mwaka 2007 kilipandishwa hadi pauni 1,000,000, na sasa ni 1,200,000.

Ajali ya namna hiyo ni adimu, lakini huhitaji treni ili uone kikomo cha bima yako kikipasuka. Abiria wanne wa gari moja wakivunjika mifupa kwa pamoja, wote wanadai kwenye kikomo kimoja. Lori likipinduka kwa kukukwepa, utadaiwa lori na shehena iliyokuwa ndani yake. Nguzo yenye transfoma ikianguka, shirika la umeme litaleta ankara ya vifaa na kazi. Mzito kuliko yote ni kijana aliyeumia uti wa mgongo, anayehitaji kuhudumiwa kwa miaka arobaini. Dai la mtu aliyefariki lina huzuni yake, ila kwa upande wa fedha dai la mtu aliyelemaa ndilo linalovunja vikomo.

Kiwango cha sheria hakikuwekwa kwa ajili yako

Wengi hununua bima ya mtu wa tatu, yaani ile inayowalipa wengine uliowaletea hasara, kwa kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria, wakiamini kwamba serikali imeshawapigia hesabu. Haijawapigia. Kiwango cha chini ni mapatano kati ya watunga sheria, makampuni ya bima na uwezo wa mwananchi wa kawaida kulipa ada, na kikishawekwa huwa kinasahauliwa. Jimbo la California nchini Marekani liliweka viwango vyake mwaka 1967: dola 15,000 kwa majeruhi mmoja, 30,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 5,000 kwa mali. Viliendelea kutumika hadi mwisho wa mwaka 2024. Kwa zaidi ya nusu karne bei ya kitanda cha hospitali ilipanda, bei ya magari ikapanda, kiwango kikabaki palepale. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ni 30,000, 60,000 na 15,000.

Tazama jinsi namba hizo tatu zinavyofanya kazi, kwa sababu mikataba mingi duniani imejengwa kwa mtindo huo hata pale ambapo namba ni tofauti. Majeruhi mmoja mwenye gharama za 50,000 atapata 30,000, ingawa kikomo cha ajali nzima ni 60,000. Majeruhi wanne wenye gharama za 25,000 kila mmoja wanadai jumla ya 100,000, lakini watagawana 60,000. Ukiharibu gari la 40,000, bima inatoa 15,000. Kinachobaki katika kila mfano kinakufuata wewe: mshahara, akiba, kiwanja.

Umoja wa Ulaya kwa upande wake, kwa maagizo ya mwaka 2021, unadai angalau euro 1,300,000 kwa kila majeruhi au 6,450,000 kwa ajali, na 1,300,000 kwa mali. Uwezo wa dereva kuumiza haukui kwa kuvuka bahari. Kinachobadilika ni sheria. Basi unapoambiwa kwamba kiwango fulani kinatosha kisheria, elewa kwamba kinatosha kukuepusha na faini barabarani, na hapo ndipo ahadi yake inapoishia.

Sasa habari njema, ambayo mawakala hawaisemi vya kutosha: kuongeza kikomo cha mtu wa tatu huwa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kikomo kikiongezeka maradufu, ada haiongezeki maradufu. Sababu yake iko kwenye mpangilio wa madai. Madai mengi ni madogo, na yanamalizwa na tabaka la kwanza la fedha. Tabaka la pili linaguswa mara chache, na la tatu mara chache zaidi, kwa hiyo kila tabaka la juu linauzwa kwa bei ndogo kuliko lile lililo chini yake. Hiyo ndiyo sehemu ya bima inayokupa kinga kubwa kwa fedha kidogo. Ulizia bei ya kikomo mara mbili na mara nne ya ulichopewa, na uombe kikomo cha mali na cha watu kwa namba tofauti. Cha mali ndicho kinachowekwa kidogo zaidi, na magari ya siku hizi yanakimaliza upesi. Bampa lenye vihisi na taa zenye kompyuta ndani yake hazitengenezwi kwa nyundo na rangi.

Uliza pia maneno mawili: kikomo ni kwa kila tukio au kwa mwaka mzima? Gharama za wakili zimo ndani ya kikomo hicho au zinalipwa pembeni? Kama zimo ndani, kesi ndefu inaweza kula fedha ambazo zingemlipa majeruhi.

Na ukubwa unaokufaa je? Jumlisha kila ulicho nacho kinachoweza kushikwa na mahakama, ongeza kipato chako cha miaka kadhaa ijayo, kisha chukua kikomo kisichopungua hapo. Kama huna mali yoyote, utashawishika kuona kwamba huna cha kupoteza. Kwa maoni yetu hesabu hiyo ni ya kikatili. Upande wa pili kuna mtu aliyeumia ambaye hakuchagua kukutana na wewe, na atalipwa kulingana na namba uliyoichagua wewe.

Mwili wako mwenyewe si mtu wa tatu

Hapa watu hushtuka wakiwa wodini. Bima ya mtu wa tatu inamlipa mwingine. Dereva aliyesababisha ajali si mwingine, kwa hiyo mguu wake uliovunjika haumo. Abiria wa ndani ya gari lake wanaweza kuwemo au wasiwemo: mikataba mingine inawatenga watu wa familia, mingine inamtenga mwajiriwa aliyekuwa kazini, na karibu yote ya gari binafsi inamtenga abiria aliyelipa nauli. Hata bima kubwa, ambayo jina lake linatuliza moyo, mara nyingi humlipa dereva kiasi kidogo tu kwa matibabu.

Kinachojaza pengo hilo ni bima ya ajali binafsi ya dereva na abiria, inayouzwa kama nyongeza. Kabla ya kuinunua angalia kama bima yako ya afya inagharimia majeraha ya barabarani, na kama ipo namna ya kufidiwa mshahara ukikaa miezi nje ya kazi. Zipo nchi ambako pengo hilo limezibwa na mfuko wa umma. New Zealand ina mfuko wa namna hiyo tangu mwaka 1974, na ndiyo maana huko bima ya gari haijawa ya lazima. Usinunue mara mbili kitu kimoja, ila pia usidhani kipo kwa sababu tu hujawahi kukiulizia.

Thamani ya gari: uongo mdogo wenye riba kubwa

Tukishamaliza ya watu wengine, sasa tulirudie gari. Ili hesabu zieleweke popote, tuchukue gari lenye thamani ya 1,000. Kila msomaji aigeuze namba hiyo kwa fedha yake. Ada kamili ya bima kubwa tuiweke 40 kwa mwaka, na eksesi 20.

Mteja anayetaka ada ishuke hushawishika kutaja thamani ya 700. Anaokoa asilimia 30 ya ada, yaani 12. Gari linapata ajali ya matengenezo ya 300. Anajisemea kwamba 300 ni ndogo kuliko 700, kwa hiyo atalipwa yote. Lakini kama mkataba una kifungu cha uwiano, kampuni inamtendea kama mtu aliyejiwekea bima mwenyewe kwa sehemu aliyoificha. Hesabu inakuwa 300 mara 700 gawanya kwa 1,000, ambayo ni 210. Toa eksesi, anapokea 190. Ameokoa 12, amepoteza 90. Kifungu hicho hakimo katika kila mkataba wa gari, hivyo kitafute kabla ya kusaini. Kwa kawaida kinakaa kwenye masharti ya malipo, mbali na ukurasa wa mbele.

Ipo athari ya pili ambayo ni wachache wanaoijua. Kampuni huamua kama gari litengenezwe au lihesabiwe limekufa kwa kulinganisha gharama ya matengenezo na thamani iliyokatiwa bima. Mpaka huo unatofautiana, tuchukue asilimia 60. Matengenezo ya 450 kwa gari lililokatiwa 1,000 ni asilimia 45, kwa hiyo gari linakwenda gereji. Matengenezo hayohayo kwa gari lililokatiwa 700 ni zaidi ya asilimia 64, na gari linahesabiwa limekufa. Mwenye gari anapewa 700 kutoa eksesi, mabaki yanachukuliwa na kampuni, na yeye anaingia sokoni kutafuta gari la 1,000 akiwa na 680 mkononi. Kushusha thamani kumemnyang'anya gari lililokuwa linatengenezeka.

Kupandisha thamani nako hakuna faida. Gari la 1,000 likikatiwa 1,300, likiibiwa utalipwa bei ya soko ya siku hiyo, na zile 300 za juu umezilipia ada bure. Mkataba pekee unaokwepa ubishi huo ni ule wa thamani iliyokubaliwa, ambapo mthamini anaandika namba na kampuni inaifuata. Unafaa kwa gari la zamani lenye soko la wapenzi wake, au lililobadilishwa sana. Kwa gari la kawaida ni gharama isiyo na sababu.

Namba sahihi inapatikana kwa kazi ya nusu saa. Tafuta matangazo matano ya gari la aina yako, mwaka wako, injini na kilomita zinazokaribiana. Ondoa la bei ya juu kabisa na la chini kabisa, chukua wastani wa matatu yaliyobaki, kisha punguza kidogo, kwa sababu bei inayotangazwa si bei inayouzwa. Weka picha za matangazo hayo kwenye faili moja na tarehe zake. Ukija kubishana na mthamini baada ya miezi minane, utakuwa na kitu cha kumwekea mezani. Fanya hivyo kila unapohuisha bima, usikubali namba ya mwaka jana inakiliwa tu. Na usidhani kwamba kila gari hushuka bei kila mwaka. Sarafu ikiporomoka au ushuru ukipanda, gari lililotumika linaweza kupanda bei huku linazeeka, na bima ya mwaka jana ikawa pungufu bila mwenyewe kutaja uongo wowote.

Vitu ulivyoviongeza, kama rimu, kamera, mfumo wa gesi au muziki, viorodheshwe na bei zake. Visipoandikwa havipo.

Eksesi: soma asilimia ya nini

Kwenye ofa mbili unaweza kukuta eksesi ya asilimia 5, na moja ikawa ghali mara kumi kuliko nyingine. Ya kwanza ni asilimia 5 ya dai. Ya pili ni asilimia 5 ya thamani ya gari. Kwa dai la 100, ya kwanza inakutoza 5, ya pili 50. Kisha kuna kiwango cha chini kisichopungua, na nyongeza zinazopachikwa juu yake: dereva kijana, dereva mwenye leseni changa, wizi wa gari lisilo na kifaa cha kulifuatilia, wizi wa taa na vioo vya pembeni. Nyongeza hizo zinajumlishwa. Omba uandikiwe eksesi ya kila aina ya tukio, na uandikiwe kwa kiasi cha fedha.

Eksesi inayofaa ni ile unayoweza kuitoa kesho asubuhi bila kukopa. Zaidi ya hapo bima ipo ila gari linabaki gereji likingoja fedha zako. Chini ya hapo unailipa kampuni ikutunzie gharama ulizoziweza mwenyewe, na kampuni hutoza kazi hiyo.

Ili kujua kama ofa ya eksesi kubwa ina maana, omba bei mbili. Tuseme ukipandisha eksesi kutoka 20 hadi 40, ada yako inashuka kutoka 24 hadi 21. Umejiongezea mzigo wa 20 ili uokoe 3 kwa mwaka. Gawanya 20 kwa 3, unapata karibu miaka 7. Kama unatarajia kudai mara moja ndani ya muda mfupi kuliko huo, ofa haikufai. Kama huwa unapita miaka kumi bila dai, ichukue, na ile 3 uliyookoa ihamishie kwenye kikomo cha mtu wa tatu. Uhamisho huo mmoja ndio tungependa msomaji aondoke nao.

Kuna eksesi nyingine isiyoandikwa popote: punguzo la kutodai, yaani ada inayoshushwa kwa miaka uliyopita bila kudai. Tuseme ada kamili ni 40 na umefikia punguzo la asilimia 40, hivyo unalipa 24. Umekwaruzwa, matengenezo ni 30. Ukidai, kampuni inakupa 10 baada ya eksesi. Mwaka unaofuata punguzo linashuka hadi asilimia 20, unalipa 32. Mwaka wa pili asilimia 30, unalipa 28. Mwaka wa tatu umerudi 24. Umetoa 8 na 4 za ziada, jumla 12, ili upokee 10. Kwa hesabu hiyo eksesi yako ya kweli ilikuwa 32, si 20. Ngazi za punguzo zinatofautiana kati ya makampuni, kwa hiyo omba jedwali lake uweke namba zako mwenyewe. Anayelipia eksesi ndogo sana huku hathubutu kuitumia kwa kulinda punguzo lake, amenunua kitu asichokitumia.

Tofautisha hata hivyo kudai na kutoa taarifa. Ukikwaruzana na mtu mwingine, toa taarifa kwa kampuni ndani ya muda ulioandikwa hata kama hutadai. Yule mwingine akija na dai lake miezi mitatu baadaye na wewe ulinyamaza, kampuni inaweza kukuachia mzigo wote.

Mkopo, uzee wa gari na nyongeza

Gari la mkopo lina mitego yake. Tuseme deni limebaki 850, gari limeshuka hadi 700, likaibiwa. Bima inalipa 700 kutoa eksesi, yaani 680, na fedha hiyo inakwenda benki kwanza. Wewe unabaki bila gari na deni la 170. Ipo bima ya kuziba pengo hilo. Inunue kwa kipindi kile tu ambacho deni ni kubwa kuliko bei ya gari, uiache namba hizo zikishapishana.

Kwa gari lililozeeka, swali ni lini uachane na bima kubwa. Usiangalie ada nzima. Omba bei ya bima ndogo, ile ya mtu wa tatu peke yake, kisha toa. Gari limeshuka hadi 250, bima kubwa ni 25 kwa sababu kampuni ina ada ya chini isiyoshuka hapo, bima ndogo ni 10. Kwa hiyo unalipa 15 kwa mwaka kulinda 230, ambayo ni thamani kutoa eksesi. Ni sawa na kusema kwamba gari litakufa kabisa mara moja kila miaka 15. Kama linalala barabarani mtaa wenye wezi, hesabu hiyo inalipa. Kama linalala ndani ya geti na linatembea Jumapili, hailipi. Watu hupenda kanuni ya asilimia 10, kwamba ada ya kulinda gari ikivuka sehemu ya kumi ya thamani yake, achana nayo. Inasaidia kuanzia, lakini haijui jambo la msingi: je, ukilipoteza unaweza kununua jingine kwa akiba? Anayelitegemea kwa mkate wa kila siku na hana akiba, aendelee hata kama asilimia imezidi. Kati ya bima kubwa na bima ndogo kuna bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, na kwa magari mengi ya makamo ndiyo chaguo la busara.

Unaposhuka kwenda bima ndogo, usishushe kikomo cha mtu wa tatu. Gari kuukuu linaua sawasawa na jipya.

Nyongeza tuzipitie haraka. Mafuriko na ghasia za kisiasa, hakikisha zimo, kwa sababu mikataba mingi huziacha nje hadi zilipiwe na ni hasara zinazoweza kumaliza gari zima. Kioo cha mbele kinafaa kwa gari ambalo kamera yake ya usalama imefungwa nyuma ya kioo, maana baada ya kubadilisha kioo kamera lazima irekebishwe upya. Gari la kukodi wakati lako likiwa gereji linamfaa yule ambaye kazi yake inasimama bila gari. Bima ya kufuta eksesi inahitaji hesabu ileile tuliyoifanya hapo juu, na mara nyingi haishindi.

Kuhusu mafuriko, jambo moja la kiufundi linakatisha fidia nyingi. Maji yakiingia kwenye injini, pistoni inajaribu kuyabana, maji hayabaniki, na mkono wa pistoni unapinda. Gari lililozamishwa na maji likiwa limezimwa kwa kawaida linalipwa. Lililoendeshwa kwa makusudi ndani ya maji, au lililowashwa tena baada ya kuzimika humo, mthamini anaweza kuandika kwamba uharibifu wa injini umetokana na dereva. Likizimika majini, usipige stata. Liache livutwe.

Namba kubwa kwenye mkataba uliokufa

Kikomo chochote ni bure kama maelezo uliyoyatoa si ya kweli. Gari lililoandikwa la binafsi likibeba abiria wa programu ya teksi au mizigo ya kulipiwa, kampuni ina njia ya kukataa dai la gari lako. Na hata pale sheria inapoilazimisha kumlipa mtu wa tatu, inaweza kurudi kwako kudai fedha zake. Ndivyo pia kwa dereva asiye kwenye orodha pale mkataba unapotaja majina, leseni ya daraja lisilo la gari hilo, pombe, abiria kuzidi viti, na tairi lililokwisha kama limechangia ajali. Ukibadilisha matumizi ya gari katikati ya mwaka, andika barua au ujumbe siku hiyohiyo na utunze jibu. Ada itapanda, na ni haki ipande.

Ukilipa kwa awamu, weka tarehe za awamu kwenye simu. Kwenye mikataba mingi awamu ikipita bila malipo kinga inasimama, na ajali ya wiki hiyo ni yako peke yako ingawa stika bado iko kwenye kioo.

Mkataba ukishafika, fungua jedwali lake ulinganishe na ulichoombea: namba ya usajili na ya chesesi, matumizi ya gari, majina ya madereva, thamani, kikomo cha watu, kikomo cha mali, eksesi kwa kila tukio, nyongeza ulizolipia, saa na tarehe kinga inapoanza. Kosa la tarakimu moja kwenye chesesi ni dakika tano kulisahihisha leo. Baada ya ajali, hilohilo linaweza kukuchukua wiki nzima za kuthibitisha kwamba gari lililoko gereji ndilo ulilolikatia bima.